Antena ya Nyumbani kwa Mwalimu

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minne. Bosi anasema nimefukuzwa. Watu wa sokoni wanasema nimeacha kazi kwa kiburi. Mama mkwe wangu anasema ni maziwa yamenipanda kichwani, kama inavyowatokea wengine wanaonyonyesha. Mimi nasema nimestaafu, kwa sababu mtu aliyestaafu ana ruhusa ya kukaa chini na kueleza aliyoyaona kazini, na mimi hicho ndicho ninachotaka.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu wawili mliowekwa nyuma ya kaunta yangu pale dukani, Ngara mjini. Hatujazoeana. Mkiniona barabarani mnainamisha macho, nadhani mmeambiwa mambo. Haidhuru. Najua mteja atakachowauliza kesho asubuhi, na najua Bosi atakachowaambia mjibu. Kwa hiyo someni, hata kama mtasoma mmejificha stoo.

Niliingia pale mwaka ule watu walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakikimbia vita, siku nzima, na siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka vilima vilivyokuwa malisho ya ng'ombe vikageuka bluu kwa maturubai. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kuniwezesha kusoma maandishi ya kwenye boksi, basi. Watu wa kando ya mto walikuwa wameacha kula samaki, na aliyeuliza sababu alikuwa mgeni, maana wenyeji wote waliona kilichokuwa kikipita majini. Duka lilikuwa na redio, tochi, betri, na televisheni tatu zenye vumbi ambazo hakuna aliyewahi kuuliza bei yake. Halafu mashirika ya misaada yakaanza kuajiri madereva, walinzi, makarani wa stoo na wakalimani. Kila aliyepata kazi kambini alinunua mabati kwanza, kisha akaja kwetu kutaka TV.

Siku ya kwanza Bosi alinipa kitambaa. "Futa vioo," akasema. "Mteja akiingia mwambie karibu. Akiuliza zaidi ya hapo, niite."

Nikafuta vioo. Saa nne akaingia dereva mmoja, nywele zake nyekundu kwa vumbi la barabara, akaniuliza, "Dada, kubwa kuliko zote ni ipi?" Sikumwita Bosi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akailipia bila kuiwasha, akaibeba kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Jioni alirudi nayo. Ilikuwa haipiti mlangoni kwake. Bosi akamwambia duka halipokei kilichokwisha kutoka, kapanue mlango. Akapanua, na baba mwenye nyumba akamfukuza yeye na TV yake. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kabla ya kumuuzia mtu televisheni unamuuliza upana wa mlango wake.

Mengine alinifundisha Fundi Zakaria. Ninyi mnamwona tu pale chumba cha nyuma, mzee Msubi kutoka Biharamulo, miwani imefungwa kwa uzi, ananuka lehemu. Nilipomwamkia mara ya kwanza aliniuliza, "Unaogopa shoti?"

"Naogopa, Fundi."

"Vizuri. Wasioogopa nimeshawazika wawili."

Akanipa bisibisi ya testa, ndogo, yenye taa ndani ya mpini, na kuanzia siku hiyo nikawa nakaa naye kila wateja walipopungua. Aliyonifundisha nayaandika hapa kwa sababu Bosi hatawafundisha. TV iwasheni muiache nusu saa, maana ugonjwa wake hujitokeza ikishapata moto. Mpeni mteja kiti asubiri. Mtazameni mtangazaji usoni. Kidevu kikirefuka kama cha mbuzi, hiyo ina matatizo ya umeme ndani, wala si mtangazaji aliyezaliwa hivyo. Geuzeni kitufe cha stesheni taratibu. Kikilegea mkononi, kimechoka. Nuseni mgongo wake. Vumbi lililoungua lina harufu yake na mende aliyeungua ana harufu yake, na TV yenye harufu ya mende ilishakaa karibu na jiko la mtu, hata boksi likiwa na gundi mpya. Kwa mtu asiye na umeme, anayewashia betri ya gari, inchi kumi na nne inamtosha. Kubwa zaidi ya hapo itamwonyesha nusu ya taarifa ya habari, na nusu ya pili atamalizia kwa kubuni.

Na boksi lenye gundi mpya juu ya gundi kuukuu msiliite jipya. Kunyamaza nyamazeni, mna watu wa kulisha, lakini msiliite jipya. Nyingi tulizouza wakati ule zilivuka Rusumo juu ya vichwa vya watu, zikabadilishwa kwa gunia la mahindi. Moja ilikuja ingali na kitambaa chake cha kufuma juu, cheupe, kimefuliwa na kunyooshwa. Kuna mama aliyekimbia nyumba yake akakumbuka kubeba na hicho. Bosi alikifanya cha kufutia kaunta. Kama bado kipo, ndicho mnachofutia.

Sasa antena. Stesheni za Dar es Salaam hazikufika kwetu. Ukitaka picha Ngara, ulikuwa unaiomba kwa jirani: Rwanda kaskazini, Burundi magharibi. Unasimika mlingoti wa mkaratusi, antena unaifunga juu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mmoja anapanda kugeuza na mwingine anabaki ndani akimwita: bado, bado, rudi kidogo, hapo hapo. Mwenye kuamua ni milima. Kuna nyumba Burundi inaingia safi kabisa, na ukivuka bonde moja tu unakuta chenga tupu, vidoti vinavyorukaruka bila picha, hata uigeuze mpaka shingo ikatike, na hapo hakuna njia ila Rwanda. Mimi nilikuwa na sikio na jicho la kazi hiyo. Nilifunga antena kuanzia mjini hadi Bukiriro, hadi Murukulazo, juu ya paa nimevaa suruali ya kaka yangu na khanga juu yake, na wanawake waliokuwa chini wakiniuliza kama huko juu kuna mume. Nilikuwa najisifu kwamba sijawahi kuacha nyumba na chenga.

Fundi Zakaria alinionya kitu kimoja kuhusu antena. "Muulize mwenye nyumba anataka kuona nini," alisema. "Akishakuambia, mpe hicho hicho. Usimpe kile unachokiweza wewe." Nikaona ni maneno ya mzee anayekwepa kupanda paa.

Mwalimu Gaspari alikuja dukani na mkewe, Mama Fidesi. Alikuwa anafundisha shule ya msingi katika kijiji ambacho sitakitaja jina; waliomo wanajijua. Mwalimu ni Mhangaza wa kuzaliwa hapa hapa. Mama Fidesi aliletwa Ngara kutoka Rwanda mgongoni mwa mama yake, mtoto asiyeweza kukaa, wakati wa wakimbizi wa zamani, wale waliokuja kabla sisi hatujazaliwa. Alisoma hapa, akabatizwa hapa, akaolewa hapa. Alikuwa na mimba ya miezi minne siku hiyo, na mimi ya saba.

Mwalimu alitaka kubwa kwa ajili ya mpira. Mama Fidesi akamwambia, "Mwalimu, betri yetu ni moja."

"Basi chagua wewe."

"Nachagua. Wewe kakae pale kwenye benchi."

Alikuja mara tatu kabla ya kununua. Sijapata mteja kama yule. Alizunguka nyuma ya kila moja akanusa bila mtu kumfundisha. Kwenye ile iliyokuwa inang'aa kuliko zote akanitazama akasema, "Dada, hii ilikuwa inapikiwa maharage." Fundi Zakaria alitoka chumba cha nyuma kuja kumwona ni nani. Mwishoni alichukua inchi kumi na nne, nyeusi, ambayo rangi zake zilikuwa zimepoa kidogo lakini haikuwa na ugonjwa. Na mimi ningechukua hiyo hiyo.

Jumamosi nikaenda kuifunga. Kwa tumbo lile sikuweza kupanda, kwa hiyo Mwalimu alipanda mwenyewe na viatu vyake vya shule, mimi nikabaki ndani mbele ya kioo na Mama Fidesi. Tulianza na Burundi kwa sababu ndivyo Mama Fidesi alivyoomba. Ikaja chenga, na ndani ya chenga kivuli cha mtu anayesoma kitu. Upande ule wa kijiji una mlima unaoziba. Nikamwita Mwalimu, "Geuza polepole kaskazini." Akageuza. Kioo kikatulia ghafla, mtangazaji akatokea mpaka vifungo vya shati unavihesabu, na watoto wa jirani waliojaa dirishani wakapiga makofi.

Mama Fidesi hakupiga makofi. Akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie airudishe Burundi."

"Mama, Burundi ni chenga."

"Chenga si neno. Tutaizoea."

"Mtu ananunua TV aangalie chenga?"

"Binti, watu wanaangalia."

Nilidhani anawasema wezi. Nikamwambia akiogopa wezi afunge mlango, antena haiibiwi. Mwalimu kule juu akauliza, "Hapo vipi?" Na mimi, fundi mkubwa, nikajibu, "Hapo hapo, funga." Akafunga. Mama Fidesi alinitazama muda mfupi, kisha akaenda kunipikia chai, akaitia na maziwa. Nikainywa.

Mwezi ule ule nilifunga nyingine kijijini hapo hapo, kwa mwenyekiti wa kijiji, upande wa pili wa uwanja wa shule. Mlima ni ule ule. Nayo ikaenda Rwanda, na mwenyekiti akasema fundi wa kike ana mkono mwepesi.

Mimi nikajifungua Deo, Mama Fidesi akajifungua Adela. Nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi miwili, nikawa namnyonyesha nyuma ya maboksi, na Bosi akanikata mshahara wa siku nilizokuwa nyumbani. Hayo nayaruka, mtayaona wenyewe mkizaa.

Kisha ikaja amri kwamba wakimbizi warudi kwao. Kambi zikaanza kuhama kwa miguu, barabara yote kuelekea Rusumo imejaa watu na mvua. Vijijini nako kukatakiwa orodha, ni nani mkimbizi amejichanganya na wenyeji. Orodha ya mwenyekiti yule ilikuwa fupi. Wengi aliowaandika mwanzo walikuwa na kaka na wajomba wa kuja kugonga meza, akawafuta. Mama Fidesi hakuwa na kaka. Mama yake alishakufa, amezikwa nyuma ya kanisa. Alikuwa na cheti cha ubatizo na cheti cha ndoa, na wakamjibu kwamba hata wakimbizi wanabatizwa na wanaoa.

Mwalimu alikuja dukani kwa baiskeli, jasho limemkaukia. Hakunisalimu.

"Wanauliza antena," akasema.

"Antena gani?"

"Ya kwangu. Jirani amesema kwenye mkutano kwamba nyumba yetu inaangalia Rwanda, kwa hiyo na moyo wa mke wangu uko huko. Kesho ndiyo wanaamua. Njoo uwaambie ni mlima."

Nikaenda kwa Bosi kuomba ruhusa. Alikuwa anahesabu tochi. "Nenda," akasema bila kuinua kichwa, "lakini duka halijakutuma." Nilishangaa kidogo kuona hakuuliza kijiji gani. Fundi Zakaria naye hakuwepo. Alikuwa ametumwa tangu asubuhi na ngazi, kwa mteja. Sikuuliza mteja nani.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, saa tatu asubuhi, meza ya darasani imewekwa juu ya majani, mwenyekiti na daftari lake, askari wawili pembeni. Mama Fidesi alikuwa amekaa chini na Adela kifuani, miezi minne, ananyonya. Nilikuja na Deo mgongoni.

"Huyu ni nani?" mwenyekiti akauliza, kama hajawahi kuninywesha soda.

"Ndiye fundi aliyefunga," Mwalimu akasema.

Mama mmoja nyuma akasema, "Wako wawili. Fundi ni wa mbele au wa mgongoni?" Watu wakacheka. Nawaambia kweli, kile kicheko kilinipa moyo. Nilidhani watu wanaocheka hivi hawawezi kufanya jambo baya.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Sema. Antena ya Mwalimu inaangalia wapi?"

"Rwanda."

Watu wakaguna.

"Nani aliielekeza?"

"Mimi. Ni mlima, mwenyekiti. Burundi haipiti hapa."

"Mama huyu ndiye aliyekuomba?"

"Hapana. Yeye alikataa. Aliomba Burundi."

Nilisema hilo kwa nguvu, nikidhani nimemwokoa. Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Alikataa picha nzuri?"

"Ndiyo."

"Alikuambia kwa nini?"

Hapo ningeweza kusema sikumbuki. Sikusema. Nilisema ukweli, kama nilivyofundishwa shule na kanisani. "Alisema watu wanaangalia."

Akaandika. Alichukua muda, ana mwandiko wa taratibu. Akawageukia watu. "Mmesikia. Alijua kuna kitu cha kuficha. Mtu asiye na kitu anaogopa macho ya nani?"

Mama Fidesi alifumba macho. Hakunitazama. Hasira ikanipanda, nikasahau ninaongea na nani. "Mbona na ya kwako inaangalia Rwanda? Niliifunga kwa mikono hii. Na wewe moyo wako uko huko?"

Mwenyekiti hakukasirika, na hapo ndipo nilipopaswa kujua. Akanyoosha mkono upande wa nyumba yake, taratibu, kama mwalimu anayeonyesha ubao. "Fundi, kaangalie."

Tukaangalia wote. Antena ya mwenyekiti ilikuwa inaangalia magharibi, Burundi. Tyubu zilizoifunga zilikuwa mpya, nyeusi, zimekatwa nyembamba na kupishanishwa mara tatu. Kuna mtu mmoja tu Ngara nzima anayefunga hivyo.

"Labda fundi amechoka, anyonyeshe," mwenyekiti akasema, na watu wakacheka tena, wale wale.

Mwalimu alisema mambo mengi baada ya hapo. Alisema huyu ni mke wangu. Mwenyekiti akamjibu, "Hakuna aliyesema si mkeo, Mwalimu. Watoto ni wako, wakibaki sawa, wakienda naye sawa, hilo mtaamua wenyewe. Sisi tumeulizwa nani ni wa wapi." Mama Fidesi alifungua mdomo mara moja tu. "Mama yangu amelala pale nyuma ya kanisa," akasema. "Nikienda nani atampalilia?"

"Mwalimu atapalilia," mwenyekiti akasema, na akafunga daftari.

Nilirudi mjini kwa miguu. Fundi Zakaria alikuwa mezani kwake, ana redio ya mtu imefunguliwa tumbo.

"Fundi, ni wewe uliyegeuza antena ya mwenyekiti?"

"Ni mimi."

"Sasa anaona nini?"

"Chenga." Akainua miwani. "Nilimwambia ataona chenga. Akasema geuza. Bosi akasema geuza. Ningefanyaje, mwanangu? Nina watoto wanane."

"Hukujua ni ya nini?"

Akarudisha miwani, akachukua chuma cha kuchomelea. Moshi ukapanda. Nilimpenda mzee yule kuliko baba yangu, na sikumlaumu, kwa sababu lawama niliyokuwa nayo ilikuwa yangu pia. Yeye aligeuza alipoambiwa. Mimi nilikataa kugeuza nilipoombwa. Mama wa watu alikuwa katikati yetu.

Bosi akaniita mbele. "Umemwaibisha mteja wangu hadharani. Yule ni mwenyekiti wa kijiji kizima. Unajua ni TV ngapi zile?" Nikaweka bisibisi ya testa juu ya kaunta, juu ya kile kitambaa cheupe. Nikamwambia nimestaafu. Akacheka. Nikatoka.

Wadogo zangu, kazi ile si mbaya. Kuna raha ya kuona kioo kinatulia na nyumba nzima inanyamaza. Lakini mteja akiwaambia anataka chenga, mpeni chenga. Msimcheke. Yeye anajua nani anapita nje ya nyumba yake, ninyi mnajua waya tu. Na mkitumwa na ngazi kwenda kugeuza antena ya mtu mkubwa ghafla, wakati hakuna dhoruba wala mlingoti haujaanguka, ulizeni kuna mkutano wa nani kesho. Mkijibiwa kwamba hayawahusu, basi yanawahusu. Na msitegemee kicheko cha watu. Mimi nilikitegemea.

Siku iliyofuata mkutano, lori liliwachukua wale wa kwenye orodha ya kata, likawashusha Rusumo. Nilipata nafasi nyuma ya pikapu ya mahindi hadi Rusumo, Deo mgongoni. Sijui nilikuwa nakwenda kufanya nini. Kuomba radhi, labda. Nilimkuta Mama Fidesi pembeni ya barabara, kabla ya kizuizi, ana kikapu na Adela ndani ya khanga. Mwalimu alikuwa amesimama naye, baiskeli yake imelala kwenye tope. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyokoma. Mbele yao watu walikuwa wanapita kuelekea darajani, maelfu, godoro kichwani, sufuria mkononi, wazee wakiburutwa. Mwanamke mmoja alipita amebeba mtoto ambaye shingo ilikuwa imeshalegea, na hakuwa amejua bado, au alikuwa amejua na hana pa kumweka. Mama Fidesi alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

Mwalimu alikuwa anasema, "Nenda naye. Anakunyonya, nenda naye."

"Naenda kwa nani?" akamuuliza. "Nikishuka ng'ambo naenda kulia au kushoto? Niambie."

Fidesi, mtoto wao mkubwa, alikuwa nyumbani kwa shangazi yake. Askari akaita watu wa lori la kata wasogee. Ndipo Mama Fidesi aliponiona. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikaanza, "Mama Fidesi, siku ile mimi—"

"Una maziwa?" akaniuliza.

"Ninayo."

"Ya kutosha wawili?"

"Sijui. Nadhani."

Akaninyooshea kikapu nikishike, akafungua khanga, akamtoa Adela, akampangusa mvua usoni kwa kiganja. Mwalimu akageuka akashika usukani wa baiskeli iliyolala. Mimi nikampokea mtoto. Alikuwa na joto kama mkate. Mama Fidesi akanifunga khanga yake mwenyewe, akavuta fundo, akalijaribu kama kweli limekaza.

"Ananyonya la kushoto," akasema. "La kulia hataki, atakulilia. Usimlazimishe."

Akachukua kikapu chake akaingia katika watu. Nilikaa juu ya jiwe la barabara, nikamshusha Deo mgongoni akanyonya kidogo, kisha nikamtoa titi la kushoto, akalia sana, nikampa Adela.